Nilisoma Chuo Kikuu na F ya Hisabati

Wiki ya pili ya muhula huu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alibisha hodi ofisini kwangu, akaniamkia, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye shida ndogo. Alitaka kuhama programu. Katika orodha ya masomo ya lazima ameliona somo la Takwimu, na yeye, kwa maneno yake mwenyewe, "hesabu tuliagana Kidato cha Nne, Mwalimu, mimi ni mtu wa HKL." Nikamuuliza alipata nini katika Hisabati. Akainamisha kichwa: "F." Nikamwambia, "Hata mimi." Akacheka, akidhani namfariji.

Sikuwa namfariji. Karatasi yangu ya matokeo ya mwaka 2008 ipo kabatini, nyumbani kwa mama, Mbagala, na herufi hiyo ipo pale pale. Siku ile sikupata nafasi ya kumweleza kijana yule habari nzima, kwa kuwa foleni mlangoni ilikuwa ndefu. Naieleza hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wengi ambao hawatabisha hodi.

Nianze na jambo ambalo watu hawalitarajii. Nilipomaliza Darasa la Saba nilikuwa najua hesabu. Nilijua MAGAZIJUTO kama nilivyojua jina langu: mabano kwanza, kisha gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nilijua kutafuta KDS na KKS, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kukokotoa faida na hasara kwa asilimia. Mwalimu wetu wa shule ya msingi alikuwa mkali, lakini alieleza, na alieleza kwa Kiswahili. Usipoelewa ulikuwa na maneno ya kuulizia.

Miezi michache baadaye, Januari 2005, nikaingia Kidato cha Kwanza katika shule ya sekondari wilayani Temeke. Hesabu zilikuwa zile zile, ila zimevishwa lugha nyingine. Sehemu ilikuwa na jina jipya, kigawe kilikuwa na jina jipya, hata kutoa na kujumlisha kulikuwa na majina mapya. Mwalimu aliandika swali la maneno ubaoni, nasi tukatumia nusu ya kipindi kujaribu kujua mtu anayetajwa kwenye swali amenunua nini. Wengi tulishindwa kusoma swali, lakini kwenye daftari la alama iliandikwa kwamba tumeshindwa hesabu.

Ilikuwa miaka ya MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004. Shule za kata ziliota kila mahali, na sisi watoto wa Mbagala, Tandika na Yombo tulipata madawati ambayo kaka na dada zetu hawakuyapata. Sitaibeza hatua hiyo, maana bila hiyo nisingekuwa na ofisi ya kubishiwa hodi. Lakini madarasa yalikuja kwa kasi kuliko walimu, na walimu wa Hisabati ndio waliokuwa adimu zaidi. Serikali ikawachukua wahitimu wa Kidato cha Sita, ikawapa mafunzo ya muda mfupi na leseni ya kufundisha. Mitaani wakaitwa "Voda Fasta", na watu walicheka. Mmoja wao alitufundisha muhula mmoja, na kwa mara ya kwanza nikaelewa mlinganyo ni nini. Kisha naye akaondoka kwenda kusoma chuo, kama alivyostahili. Kidato cha Tatu chote tulinakili mifano kutoka kitabu kimoja kilichozunguka darasani. Alipokuja mwalimu mwingine, tukiwa Kidato cha Nne, alipitia madaftari yetu, akaninyooshea kidole, akasema: "Wewe binti, hesabu si zako. Soma lugha, soma historia." Nadhani alikuwa akinionea huruma. Nami nilimwamini, na kumwamini huko kumenigharimu zaidi ya F yenyewe.

Sikuwa peke yangu, wala kizazi changu si cha mwisho. Takwimu za Baraza la Mitihani za miaka ya karibuni zinaonyesha ufaulu wa Hisabati katika mtihani wa Kidato cha Nne ukizunguka kati ya humusi moja na robo ya watahiniwa. Mtahiniwa mmoja akishindwa, tunaweza kuzungumzia bidii yake. Watahiniwa karibu wanne kati ya kila watano wakishindwa, mwaka baada ya mwaka, mikoa yote, wavulana na wasichana, basi bidii ya mtoto mmoja mmoja si maelezo tena. Hata hivyo kila mmoja wao hurudi nyumbani na F yake kana kwamba ni kasoro yake ya kuzaliwa, na hujifunza kusema sentensi ambayo sote tunaijua: "Mimi hesabu sikujaliwa."

Nyumbani kwetu sentensi hiyo ilisemwa na mama pia. Mama aliuza nyanya Tandika. Alinunua tenga kwa shilingi 18,000, akalipa mkokoteni shilingi 1,000 na ushuru shilingi 200. Akalimwaga, akatenga zilizobonyea, akapanga mafungu ya nyanya tano tano kwa shilingi 200. Aliniambia: "Mpaka fungu la 96 ninamfanyia kazi mwenye tenga. La 97 ndilo langu." Hakuandika popote. Jioni aliendesha upatu wa wanawake 20, akijua kichwani nani amepokea, nani anadaiwa siku ngapi, na aliyechelewa mara mbili asogezwe nyuma nafasi ngapi ili asiyechelewa asionewe. Nami, niliyekuwa sekondari, nilikaa pembeni yake na daftari la Hisabati nisiloweza kulisoma, sote wawili tukiamini kwamba hesabu hatukujaliwa.

Kidato cha Tano nikaenda mkoani kusoma HKL: Historia, Kiswahili, Kiingereza. Wenzetu wa PCM na EGM walisoma Hisabati ya juu. Wa HGE na PCB walikuwa na ile Hisabati ndogo ya nyongeza. Sisi hatukuwa na hesabu yoyote, na tulilifurahia hilo. Nilifaulu vizuri. Mwaka 2011, nilipoomba chuo kupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa TCU, nilitamani kusoma Uchumi, kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini tenga la nyanya lilipanda bei na mama asiweze kupandisha fungu. Nilisoma masharti ya udahili mara mbili, nikaona F yangu inasimama mlangoni. Nikachagua Sosholojia. Naipenda taaluma yangu, lakini mwanzo wake ulikuwa kukimbia kitu kingine, na sioni sababu ya kuficha.

Nilipofika Mlimani nikakuta nilichokikimbia kimetangulia kunisubiri. Mwanafunzi wa sayansi ya jamii husoma takwimu, apende asipende. Siku ya kwanza mhadhiri aliandika ubaoni alama ya jumla, ile herufi ya Kigiriki inayofanana na E iliyovunjika mgongo, na mkono wangu ukaacha kuandika. Katika jaribio la kwanza nilipata 9 kati ya 30. Nilikuwa nikikaa Mabibo, hosteli ya wanafunzi, wakati ule ikiwa bado ndani ya Manispaa ya Kinondoni, na usiku ule nilifanya hesabu moja niliyoiweza: ikiwa ningefukuzwa, nauli ya kurudi nyumbani ilikuwa ndogo sana, na hiyo ndiyo ilikuwa aibu yake. Ningekuwa nimeenda mbali kiasi kile na kurudi kwa daladala mbili.

Aliyeniokoa alikuwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Hakuwa bingwa wa hesabu. Naye alipitia HGL na alilirudia somo lile mara moja. Alichukua kalamu yangu, akaniuliza: "Mbagala mnasubiri daladala muda gani?" Nikamjibu kwamba inategemea. Akasema hiyo "inategemea" ndiyo somo lenyewe. Akaandika njia mbili. Ya kwanza, katika siku tano umesubiri dakika 18, 19, 20, 21 na 22. Ya pili, dakika 5, 10, 20, 30 na 35. "Tafuta wastani." Zote mbili zilitoa 20. "Sasa, una mtihani saa mbili kamili. Unapanda ipi?" Nikacheka, maana jibu lilikuwa wazi. "Basi," akasema, "wastani umekuficha kitu, na wewe umekijua kabla ya kukokotoa. Sasa tukipime."

Tulichukua kila siku, tukatoa 20, tukazidisha kila tofauti kwa yenyewe ili alama za kutoa zisitupoteze, tukajumlisha, tukagawa kwa tano, tukatafuta kipeuo cha pili kwenye kikokotoo. Njia ya kwanza ilitoa takriban dakika 1.4, ya pili, dakika 11.4. Kisha akafunua kitini na kunionyesha fomula iliyonifunga mkono siku ile ya kwanza. Ilikuwa ni hiyo hiyo. Kutoa, kuzidisha, kujumlisha, kugawa, na kitufe kimoja. Fomula iliyonitisha ilikuwa imeundwa na mambo niliyoyajua Darasa la Saba. Nilichokosa kilikuwa mtu wa kunieleza, kwa lugha ninayofikiria nayo, kila alama inafanya kazi gani.

Kuanzia hapo tukawa watu sita, kila Jumanne na Alhamisi usiku. Sheria yetu ilikuwa moja: hakuna kuandika fomula mpaka mtu aweze kusema kwa Kiswahili inauliza swali gani. Wawili kati yetu walikuwa wametoka EGM, nao walitufundisha mengi. Lakini niligundua kwamba hata wao waliosoma Hisabati ya juu hawakuitumia kwa kiasi kikubwa. Waliyokuwa nayo kutuzidi yalikuwa mawili: hawakuogopa alama, na walizoea kukosea na kurudia. Mambo hayo mawili yanafundishika. Somo lile nilimaliza na B. Miaka mitatu baadaye nikahitimu, nikaendelea, na leo nasahihisha takwimu za watu wengine.

Hapo ndipo wasomaji wengi wangependa niishie, na ndipo habari kama hii huanza kudanganya. Nisieleweke kwamba hesabu hazina maana, kwa kuwa hata mimi nimefika. Nilifika bila Hisabati ya juu ya sekondari, ila sikufika bila hesabu. Nilizilipia baadaye, usiku, kwa hofu, na kwa bahati ya kukutana na mtu mwema. Mwanafunzi asiyekutana naye hulipa kwa namna nyingine. Naliona hilo kila mwaka ninaposimamia tasnifu. Wanafunzi wenye maswali mazuri sana, mathalani ni kaya ngapi za bonde la Msimbazi hurudi baada ya mafuriko, au wasichana wangapi huacha shule baada ya kuhama kata, huyageuza maswali yao ili yasidai namba. Huniambia wanapendelea mahojiano ya kina. Utafiti wa mahojiano ni kazi nzito na ya heshima nikiuona umechaguliwa kwa sababu ya swali. Ukichaguliwa kwa sababu ya woga, mtafiti amekubali kuishi ndani ya ua uliojengwa na mtihani wa Kidato cha Nne.

Ua huo hauishii chuoni. Wasomaji wangu watumishi wa umma wanaujua mjadala wa kikokotoo cha mafao. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa na PSSSF kuanzishwa, kanuni mpya ziliweka mkupuo wa asilimia 25. Malalamiko yakawa makubwa, na Desemba ya mwaka huo Rais John Magufuli akazisitisha. Julai 2022 kikaanza kikokotoo kingine chenye mkupuo wa asilimia 33. Juni 2024, katika hotuba ya bajeti, ikatangazwa kwamba waliokuwa wameshushwa kutoka asilimia 50 hadi 33 wangepandishwa hadi asilimia 40. Kwa miaka sita nchi nzima ilijadili asilimia, na watu wachache mno walikaa kitako na kukokotoa.

Jirani yetu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi anayekaribia kustaafu. Nilipokwenda kumsalimia mama, aliniita barazani kwake. "Mwanangu, wewe wa chuo kikuu, nielezee hiki kikokotoo. Hizi ni hesabu za wakubwa." Nilimwamkia, nikaketi, nikamuuliza anafundisha nini. "Hisabati, Darasa la Sita." Miaka zaidi ya 30 amefundisha sehemu na asilimia, na ilipofika kwenye jasho lake mwenyewe akasema hayo si yake.

Tulikitazama pamoja. Pensheni kamili ya mwaka hupatikana kwa kugawa miezi ya uchangiaji kwa 580, kisha kuzidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora. Tukachukua mfano mwepesi: mshahara wa shilingi milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, na miezi 400 ya kuchangia. Jibu ni takriban shilingi 8,275,862 kwa mwaka. Sehemu ya kiasi hicho huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi. Kwa asilimia 33, mkupuo ni takriban shilingi 34,137,931 na pensheni ya mwezi ni 462,069. Kwa asilimia 40, mkupuo hupanda hadi 41,379,310, na pensheni ya mwezi hushuka hadi 413,793.

Mwalimu aliandika namba hizo kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko wa ubaoni. Kisha, bila mimi kumwambia, akatoa. Mkupuo umeongezeka kwa 7,241,379. Kila mwezi umepungua kwa 48,276. Akagawa cha kwanza kwa cha pili, akapata 150. Miezi 150 ni miaka 12 na nusu. Akarudi juu ya ukurasa, akaitazama ile 12.5, akaigonga kwa kalamu. "Kumbe hii ndiyo yenyewe. Nikistaafu na miaka 60, nikipita 72 na nusu, mkupuo mkubwa umenila. Nikifa kabla, nimewahi." Tukakubaliana kwamba yapo mengine ya kupima: fedha ya leo si fedha ya kesho, na mwenye nyumba isiyoezekwa anahitaji mkupuo kuliko pensheni ya uzeeni. Lakini sasa alikuwa na swali, na ni swali ambalo sikulisikia likiulizwa kwa sauti katika mjadala wote ule: kwa nini 12.5, na nani aliamua? Aliyefikia swali hilo alitumia kugawa, kuzidisha na asilimia tu. Hakuna hata mstari mmoja wa Hisabati ya Kidato cha Sita.

Hicho ndicho ninachotaka wanaharakati wenzangu wakitazame. Tunapoiacha F ya Hisabati iwe aibu ya mtoto, tunazalisha raia ambao miaka 40 baadaye watakabidhi bajeti, mikopo, ushuru na mafao yao kwa yeyote anayesema kwa kujiamini mbele ya namba. Dawa haihitaji miujiza. Mtoto wa Kidato cha Kwanza aelezwe hesabu kwa lugha anayoielewa huku akijifunza majina mapya, badala ya kunyang'anywa moja kabla hajapewa nyingine. Kila shule, na hasa za pembezoni mwa mji, iwe na mwalimu wa Hisabati Kidato cha Tatu kama ilivyo na mlinzi. Vyuo vikuu, ambavyo kwa programu kadhaa tayari hukubali ufaulu wa Kidato cha Nne pale ambapo Hisabati ya juu haipo, viwape wote waliotoka HKL na HGL wiki chache za kuzoeana na namba kabla ya jaribio la kwanza, si baada ya kushindwa. Na sisi wahadhiri tuache kuandika fomula ubaoni kabla ya kusema inauliza nini. Kwa hilo la mwisho hatuhitaji kibali wala bajeti.

Kwa mwanafunzi anayesoma haya: usiniige kukimbia. Kama ulitaka Uchumi, soma masharti mara tatu, si mara mbili, uulize ofisi ya udahili, na ujue kwamba mtihani wa Hisabati unaweza kuurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kama tayari uko ndani ya somo la takwimu, tafuta watu watano na siku mbili za wiki.

Yule kijana sikumsainia fomu ya kuhama. Nilimwandikia zile njia mbili za daladala kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia arudi na jibu. Alirudi keshokutwa yake. Njia ya kwanza aliipata. Ya pili alisahau kipeuo cha pili, akaandika 130. Nikamuuliza inawezekanaje daladala ziachane kwa dakika 130 wakati siku mbaya kuliko zote alisubiri 35. Akalitazama jibu lake muda mrefu, akachukua kalamu, akaanza tena.